Walinzi Hawanijui

Naona haya. Nalitanguliza hili kabla ya jina na kabla ya kazi, kwa sababu nikianza na mengine nitapata upenyo wa kulikwepa, na mimi kwa kukwepa sijambo. Haya yangu ni ya tumbo. Tumbo la choo. Haya basi, nimeshasema. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana huko mbele sitakuwa na subira naye.

Mimi ni mwosha. Kwa miaka thelathini na minane, mwanamume akikata roho katika mji huu, anayetafutwa ni Mzee Sudi Mbwera. Naja na kibegi changu: kafuri, pamba, majani ya mkunazi, vitambaa viwili vya kufunga mkononi. Watu wanashika shuka pande zote liwe pazia, nyuso zao wamezigeuza nje. Namfunika marehemu toka kitovuni hadi magotini, napitisha mkono chini ya nguo bila kutazama, namwinua kidogo, nalikamua tumbo lake polepole ili kilichobaki kitoke. Na kinatoka. Kwa imamu kinatoka, kwa mlevi kinatoka, kwa yule aliyekuwa hasalimii watu barabarani ndiyo kabisa. Nakisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Kisha natoka nje, wafiwa wananikodolea macho, nami nasema, "Alhamdulillahi, safi." Niwe nimeona kidonda, niwe nimeona kovu la aibu, niwe nimeona funza, jibu langu ni hilo hilo. Ulichokiona juu ya mwili unakizika pamoja na mwili. Baba yangu alinifundisha hivyo na hakunifundisha jingine.

Sasa niambieni. Mtu wa namna hiyo akipatwa na tumbo la kuhara akiwa hai, amwambie nani?

Nimesema mji huu, na hapo nimewachanganya. Miji ipo miwili. Mmoja ni huu wenye barabara na msikiti na hospitali. Wa pili umo ndani yangu, nami sikujua kama upo mpaka daktari aliponionyesha picha ya pafu langu. Daktari mwenyewe ni mwanamke wa makamo, anavua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Akaivua. "Mzee Sudi," akasema, "dawa hii ya dripu haimpigi adui. Mwilini mwako mna walinzi wako mwenyewe, toka umezaliwa. Huu uvimbe umewalaghai. Wakiuliza nani, unajibu mimi mwenyeji, wanaupisha. Dawa inawaondolea huo ulegevu. Wataamka, wataupiga. Lakini wakishaamka wanaweza wakapiga hata wasiostahili. Ngozi, utumbo, ini. Ukiona chochote, chochote kile, utuambie siku hiyohiyo." Nikaitikia. Kuitikia najua sana.

Kwenye dripu ya pili ndipo nilipoanza kuingia mji ule. Si usingizi hasa, wala si macho. Naegemea kiti cha kliniki, natazama matone yanavyodondoka, na kati ya tone na tone najikuta nimesimama kwenye uchochoro wa kuta nyekundu, chini kumelowa, juu hakuna jua ila mwanga upo. Saa za huko zinahesabiwa kwa matone. Unaweza ukakaa miaka miwili, ukarudi ukakuta nesi hajamaliza kuandika tarehe. Wakati mwingine ninaingia nikiwa na umri wa miaka saba, kandambili mkononi. Wakati mwingine naingia mzee kuliko nilivyo sasa. Kila kona wamesimama walinzi, marungu mabegani, funguo viunoni, macho mekundu ya watu waliolala muda mrefu wakaamshwa kwa kelele. Mkuu wao mara ana sura ya baba yangu, mara ana sura yangu.

"Nani?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Mwenyeji."

Wakacheka wote.

"Ndivyo alivyosema yule."

"Yule ni mwongo! Mimi ndiye mwenye mji huu!"

"Hilo nalo alilisema," Mkuu akajibu. "Tukamwamini miaka mitatu. Akajenga ghorofa juu ya pafu, sisi tukimpokelea mizigo. Sasa tumekoma. Hatumwamini mtu." Akanichapa rungu la mgongo, nami nikazinduka kitini ngozi inaniwasha toka shingo hadi unyayo.

Tangu siku ile swali moja linanisumbua, nalo silipatii jibu. Mwenye kitu ni nani? Nilidhani mwenye mwili ni yule anayeuvaa. Lakini nimevaa mwili huu miaka sitini na minne na sijawahi kumwamuru mlinzi hata mmoja wa humo ndani. Sikuwateua, siwalishi kwa mkono wangu, siwajui majina. Walinilinda bila kuniuliza, wakalala bila kuniuliza, na sasa wananipiga bila kuniuliza. Wananipiga kwa nia njema, hilo ndilo linaloudhi. Mwizi akikupiga unajua pa kwenda kushtaki. Anayekupiga kwa ajili yako mwenyewe, utamshtaki kwa nani? Na mbele ya hakimu nitasema mimi nani, ikiwa neno la pekee ninalolijua, mwenyeji, adui keshalitumia likachakaa? Nimelala chali nikiyatafakari haya alasiri nyingi, mpaka tumbo linanguruma nami nakimbia.

Maana waliingia Mtaa wa Chini. Baada ya ngozi wakateremka kwenye utumbo, wakaanza kuvunja mabomba. Siku ya kwanza mara nne. Nikasema ni maharage. Siku ya pili mara sita. Nikasema ni maji ya kisima. Wiki ikaisha, maharage siyagusi na maji nachemsha, nakwenda mara nane, mara tisa, na wakati mwingine siwahi.

Nyumbani nakaa na mkwe wangu, Mwanahawa. Mwanangu Shaibu yuko migodini, mbali, anarudi mara mbili kwa mwaka. Basi mkwe ndiye anayenipikia, ndiye anayenipeleka hospitali. Wenye wakwe watanielewa. Mwanahawa haingii chumbani kwangu bila kubisha hodi mara tatu. Nikiwa nimevua shati anageuzia uso ukutani hapo hapo alipo. Miaka tisa chini ya paa moja sijamwita kwa jina lake, namwita Mama Zubeda, kwa jina la mtoto wake, naye hajawahi kukaa kwenye kitanda changu hata ukingoni. Hii ndiyo heshima iliyokuwa ikitusitiri sote wawili. Halafu ndiye huyo huyo anayekaa kiti cha pembeni pale kliniki, mkoba mapajani, wakati Sista Gaudensia anaposoma fomu yake kwa sauti ya kuita wanafunzi darasani.

"Homa?"

"Hapana."

"Ngozi?"

"Inawasha kidogo."

"Choo? Mara ngapi kwa siku?"

Choo! Mbele ya mkwe! Nilitamani sakafu ifunguke. Mwanahawa akainamia mkoba wake, akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Mara moja," nikasema.

"Kigumu, laini?"

"Kawaida, sista. Kawaida kabisa." Nikalisema kwa sauti ile ile ninayowaambia wafiwa, na Sista Gaudensia akaandika.

Nisiwadanganye lakini, haikuwa haya peke yake. Palikuwa na Bwana Kiluvia. Yeye kiti chake kilikuwa cha dirishani, mtu mcheshi, dawa yetu moja. Siku moja akamwambia sista ukweli wa tumbo lake, waziwazi, huku anacheka. Dripu yake ikateremshwa kabla haijaanza. Wakasema wanasimamisha mpaka watakapoona. Kile kiti siku hizi anakaa mama mwingine. Kiluvia aliko sijui, na sikuuliza, kwa sababu jibu baya lingeniua. Na mimi picha yangu ya mwisho ilikuwa nzuri. Uvimbe umetoka ukubwa wa ndimu ukawa wa kunazi. Daktari alivua miwani akatabasamu. Niende nikaseme nini? Kwamba walinzi wanaomla adui yangu wanakula na matumbo yangu, kwa hiyo tafadhali walazeni, naye aote upya? Nilisema moyoni, bora wanipige. Wamalize kunazi lile, tumbo nitajua mwenyewe.

Basi nikawa najiosha mwenyewe. Kijana wa miaka sitini na minne, ndoo na sabuni, mlango nimeubana kwa kiti. Zile nguo ambazo sikuwahi kuzifua nilizifunga ndani ya mfuko, nikazisukuma uvunguni. Nilipanga kuzifua asubuhi. Asubuhi sikuzikuta. Nilizikuta jioni juu ya kiti, zimepigwa pasi, zimekunjwa, zinanukia udi.

Nilikaa kitandani nikazitazama kwa muda mrefu. Mwili mzima ulikuwa moto kwa fedheha. Anajua. Mkwe wangu ameshika kwa mikono yake kitu ambacho hata mama yangu aliacha kukishika nilipofika miaka miwili. Nikangoja aseme. Akaleta uji, akabisha hodi mara tatu, akauweka mezani, akauliza, "Baba, sukari imetosha?" Nikasema imetosha. Akaondoka. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Nikawa sifichi tena uvunguni, naacha mfuko nyuma ya mlango, na hakuna kati yetu anayetamka neno. Na kliniki sista anapouliza, nasema mara moja, naye Mwanahawa anainamia mkoba.

Nikamsifu kimoyomoyo. Nikasema, huyu ameijua kazi yetu bila kufundishwa: ameona, amefunika, hakusema. Ndiyo, nilijivuna kwa hilo. Mjinga mkubwa mimi. Tumekaa wiki tatu, watu wawili wenye adabu, tunamsitiri maiti ambaye bado anakunywa uji.

Jana nililala toka adhuhuri. Nguvu sina. Nikaingia mji ule bila dripu, kwa mara ya kwanza. Mkuu wa walinzi akanipokea mlangoni, safari hii hakuniuliza nani.

"Mwosha," akasema, "kuna mwili Mtaa wa Chini."

Nikamfuata. Mabomba yalikuwa yamepasuka kila mahali, maji yanayotiririka yana damu. Katikati ya njia palikuwa na kitanda cha kuoshea, na juu yake mtu amefunikwa shuka. Nikafunga kitambaa mkononi kama kawaida. Nikafunua uso. Nilikuwa mimi. Macho wazi.

Sikushangaa sana, na sijui kwa nini. Nilisema tu, haya, kazi ni kazi. Nikapeleka mkono chini ya nguo, nikaligusa tumbo, maiti akasema, "Inauma." Katika miaka thelathini na minane hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikaondoa mkono. Nilipofumba na kufumbua ndiye mimi niliyelala, na anayeosha ni mwingine, simwoni uso. Maji ya uvuguvugu. Mkono wenye kitambaa, mdogo kuliko wangu, unajua pa kupita na pa kutopita. Nikasikia funguo za walinzi zikigongana, taratibu, kila mkono ulipokwenda na kurudi. Mlangoni mtu akauliza, "Vipi leo?" Sauti ikamjibu, "Hajambo, kalala." Nikakasirika kwelikweli. Maiti hajambo vipi? Nikataka kupiga kelele, mdomo haukufunguka. Kisha ndoto ikarudi mwanzo, Mkuu mlangoni, mwosha, kuna mwili, na yote yakaenda tena vilevile, hata kugongana kwa funguo.

Nilizinduka adhana ya magharibi inaadhiniwa. Nililala na kikoi cha buluu, niliamka na cha kijani. Nikasema ni akili hizi, siku hizi nasahau hata Jumanne. Nikajihesabia safari zangu za siku nzima kwa vidole: kumi na moja. Na mbili za mwisho zilikuwa na damu.

Leo ndiyo siku ya dripu ya nne. Chupa ilikuwa imeshatundikwa, nimeiona inang'aa, bado hawajaiunganisha. Mwanahawa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Sista Gaudensia akafungua fomu.

"Homa?"

"Hapana."

"Choo, mzee? Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akanitazama. "Mbona macho yameingia ndani hivi? Umepungua kilo tano."

"Uzee, sista."

Na hapo hapo, mbele ya sista, mbele ya mkwe, mbele ya mama wa kiti cha dirishani na watu wengine sita, tumbo likaachia. Sikuwa na la kufanya. Nililisikia linakwenda, la moto, kanzu nyeupe, kiti cha watu. Harufu ikafika kabla sijapata hata muda wa kudanganya. Mtu mmoja akasogeza kiti chake. Nikafumba macho kwa nguvu zangu zote, mimi Sudi Mbwera niliyewasitiri wanaume wa mji mzima, na nikatamani niwe mmoja wao.

Walikuwa wananingoja uchochoroni, mstari mzima, marungu juu.

"Nani?" akauliza Mkuu. Alikuwa na sura yangu.

Nikafungua mdomo niseme mwenyeji, nikaona haya ya kulirudia.

"Ninaumwa," nikamwambia. "Mnaniumiza. Sijui mimi nani, lakini hapa mnapopiga ndipo ninapoumwa."

Mkuu akateremsha rungu kidogo. Akageuka kuwatazama wenzake, kisha akanitazama tena, safari hii kwa karibu.

"Yule hakuwahi kusema hivyo," akasema. "Miaka mitatu, hata siku moja hakusema kinamuuma kitu."

Nilipofumbua macho sikuona watu. Niliona khanga. Mwanahawa alikuwa ametoa ile ya juu mabegani, ameitanda kwa mikono miwili mbele yangu, mikono imenyooka, uso ameugeuzia nje kwa watu, mgongo kwangu. Hivyo ndivyo pazia linavyoshikwa. Nyuma ya pazia tulibaki mimi na Sista Gaudensia na fomu yake.

"Sema, baba," akasema Mwanahawa bila kugeuka. "Mimi nimeshageuka. Sipo."

Nikamwambia sista, kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Si mara moja."

"Najua si mara moja, mzee. Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku. Jana. Na damu ipo. Ni wiki ya nne sasa."

Hakunigombeza, na ningependa anigombeze. Alinyanyuka, akaitungua ile chupa toka kwenye chuma chake, akaishika kwa mikono miwili, akampa mwenzake airudishe kwenye friji. Niliifuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. "Leo hii haiingii," akasema. "Unalazwa. Utapewa ya kuwatuliza hao walinzi wako kabla hawajakutoboa utumbo. Ukitoboka, mzee, hiyo dawa ya pafu tutampa nani?"

"Mtanirudishia lini?"

"Sijui."

"Na uvimbe?"

"Sijui, mzee wangu. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya, na humu kliniki uongo umeshatosha." Akakaa, akachukua kalamu. "Daktari ataisoma hii sasa hivi, lazima iwe sawasawa. Jana, kumi na moja?"

"Kumi na moja," nikasema. Hiyo angalau niliihesabu mwenyewe.

Khanga ikatikisika. Bangili zikateremka kwenye mkono wa Mwanahawa, zikagongana, taratibu, na mimi mlio ule nikaujua.

"Kumi na tatu, sista," akasema, uso bado nje. "Mbili alikuwa amelala."

Maji ya uvuguvugu. Mkono mdogo unaojua pa kutopita. Kikoi cha kijani. Niliinamisha kichwa na sikuweza kukiinua, haya ilikuwa imenijaa mpaka machoni, na machozi yakatoka nikiwa nimekaa katika uchafu wangu, mzima wa roho. Mikono yake iliyonyooka ilikuwa imeanza kuchoka, inashuka kidogo kidogo, anaiinua tena.

Sista Gaudensia alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Niandike ipi, mzee? Yako au yake?"

"Andika ya kwake," nikasema. "Mwosha ni yeye."